Mwaka wa Kiti Kinachojijaza Maji

Bi Mwantumu alizikwa Dumila Jumanne alasiri, nami nikafika Jumatano asubuhi na mfuko wa sukari na uso wa mtu aliyechelewa. Simu ya bintiye Asia ilinikuta saluni kwangu Kihonda, mguu wa mteja ukiwa mapajani pangu, na kwa ujinga wa mazoea niliumaliza kwanza ule mguu. Msibani, chini ya turubai, wanawake walinisogezea mkeka. Bibi mmoja akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Ndugu sikuwa, mkwe sikuwa, hata dini hatukuwa na moja. Kabla sijafungua mdomo Asia akapita na sinia la wali, akasema, "Huyu ndiye Skola wa kiti." Wale wanawake wakaitika "Aaa" kwa pamoja, wakanitazama upya. Kumbe kwa miaka yote hiyo Bi Mwantumu alikuwa akiisimulia habari ya kiti. Sikuuliza aliisimulia vipi, maana naogopa niliyoyastahili. Nitaieleza hapa kama ninavyoikumbuka mwenyewe, na nitajitahidi nisijipendelee.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeshuka Morogoro mjini kutoka Mgeta, milimani, kutafuta kazi isiyokuwa ya kubeba kabichi kichwani. Nikapata ya kubeba maji. Saluni ilikuwa ya Mama Farzana, Mhindi Mwislamu ambaye mumewe aliuza vitambaa duka la jirani. Mdomo wake ulikuwa mwepesi, na mkono wake wa kutoa ulikuwa mwepesi vilevile. Ukiugua alikupeleka hospitali na gari lake, akakugombeza njia nzima. Aliyenifundisha kazi alikuwa Bi Mwantumu, mwanamke aliyepita hamsini, mwembamba, ushungi wake umenyooshwa pasi hata siku za mvua. Kabla ya saluni alifanya kazi kiwandani miaka mingi, mpaka kiwanda kilipopata mwenyewe mpya na watu wakapunguzwa. Neno hilo lilikuwa kila mahali mwaka ule. Viwanda vya mji vilikuwa vinauzwa kimoja kimoja, maduka yanajaa redio na mafuta ya nywele kutoka Dubai, na watu wanaonunua ni wachache. Mtu akisema "fulani kapunguzwa", wenziwe waliuliza "lini?" kwa sauti ya chini, halafu wakahamia habari nyingine.

Niliishi kwake, Kihonda, kwenye vyumba viwili vyenye ukuta ambao haukufika darini. Cha ndani kilikuwa chake, cha nje changu, pamoja na meza, jiko la mkaa, magunia na baiskeli ya mtu ambaye hatukuwahi kumwona akija kuichukua. Kwa jirani tulisikia kila kitu. Mume na mke walibishana miezi mitatu kama wanunue mashine ya kusaga au wafungue duka la vipuri, na Bi Mwantumu, akiwa anasonga ugali, alikuwa akiwajibu polepole upande wetu: "Mashine, baba, mashine. Watu hawaachi kula." Tulikula ugali wa dona na mlenda, siku nyingine maharage. Nilipoletewa karoti na njegere kutoka nyumbani aliniambia hicho ni chakula cha sungura, kisha akaongeza sahani. Kwaresma nilipofunga nyama, naye akaiacha nyumbani kwake, akisema hana meno ya kutafuna nyama peke yake huku mtu anamwangalia. Ramadhani mimi ndiye niliyepika uji wa futari, nao mara zote ulikuwa na mabonge, na mara zote aliunywa. Nayaandika haya ili ijulikane nilimfanyia nani nililomfanyia.

Kazi yenyewe ilikuwa miguu. Miguu ya wanawake wa Morogoro niliijua kuliko nyuso zao. Tulichemsha maji kwenye sufuria uani, tukayabeba kwa ndoo hadi ndani, tukayachanganya kwenye beseni la plastiki, mteja akalowekwa, akasuguliwa magaga, kisha maji yakabadilishwa mara mbili. Bi Mwantumu alipima joto kwa kiwiko. Alinifundisha kwamba mtu mwenye haya na miguu yake usimwangalie usoni unapoinyanyua. Na kila mteja aliletewa chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, aliyoipika Bi Mwantumu kwenye birika lake mwenyewe katika jiko dogo la nyuma. Kuna waliokuja kwa sababu ya hiyo chai, wakaoshwa miguu kama nyongeza.

Kiti kilifika katikati ya mwaka juu ya lori lililokuwa linapita kwenda Gairo kupakia mahindi. Wanaume sita walikishusha. Kilikuwa cha ngozi rangi ya zambarau iliyoiva, na miguuni beseni limejengewa humohumo, na taa ndogo inayowaka chini ya maji. Mama Farzana alimwita fundi akajenga jukwaa la saruji lenye ngazi mbili ili kiti kionekane kutoka barabarani. Kilikuwa na vitufe vitatu. Ukibonyeza cha kwanza, maji yanaingia yenyewe, yakifika kwenye alama yanakoma yenyewe. Ukibonyeza cha pili, pampu inanguruma kidogo na maji yanatoka yenyewe hadi mtaroni. Cha tatu kilikuwa cha mapovu. Tundu la kujazia halikuwa juu kama bomba la kawaida. Lilikuwa chini, ubavuni mwa beseni, ili mteja asirukiwe na maji, na sisi tuliona huo ndio ustaarabu wenyewe.

Wa kwanza kukikalia alikuwa Mwalimu Tabitha, mteja wetu wa kila Jumatano, aliyefundisha hesabu na aliyezoea kusema kana kwamba kuna watu nyuma ya darasa wasiosikia. Alibonyeza mwenyewe. Maji yakapanda, yakafika kwenye alama, yakanyamaza. "Kinajua kipimo kuliko watoto wangu wa la tano," alisema, na watu kwenye benchi wakacheka. Bi Mwantumu alikuwa amesimama kwenye pazia la jikoni na ndoo tupu mkononi. "Nilipunguzwa na tajiri," alisema, "sasa nitapunguzwa na kiti." Wakacheka tena. Yeye hakucheka. Mama Farzana, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha, alimwambia palepale kwamba ataangalia mambo mpaka Idi ya kuchinja, na kama kiti kinatosha, basi mfanyakazi mmoja wa miguu anatosha. Mimi ndiye niliyekabidhiwa vitufe, kwa sababu niliweza kusoma kijitabu cha maelezo kilichokuja na kiti. Bi Mwantumu alibaki na taulo na chai. Jioni ile alinipikia wali, akasema ni wa kunipongeza, na nilijua alimaanisha.

Sasa lazima niseme jinsi tulivyoishi na maji. Mji ule uko chini ya mlima uliolowa mwaka mzima. Ukifungua dirisha unaona Uluguru imejifunika ukungu, na bombani hakuna hata tone. Maji yalikatika siku mbili, yakatoka kwa muda wa saa tatu, na hakuna aliyejua ni wakati gani. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na desturi moja: maji yakikatika, unafungua bomba na kuliacha wazi, ndoo chini yake, ili yakirudi uyasikie. Mgeni akifunga bomba kwa adabu yake aligombezwa. Basi hata kiti nilikitumia hivyohivyo. Siku za mgao tulinunua maji ya mkokoteni, nikayamimina kwenye beseni kwa ndoo, chini kidogo ya alama, kisha nikabonyeza kitufe cha kujaza na kukiacha. Taa ya kijani ilibaki inawaka, njia ya maji iko wazi, inasubiri. Yakirudi, kiti kitajaa chenyewe na tutasikia. Niliona nimebuni jambo la akili. Na kule jikoni, ambako sakafu ilikuwa chini kuliko saluni kwa ngazi tatu, Bi Mwantumu naye aliacha bomba lake wazi na ndoo chini yake, kama mtu yeyote mwenye akili timamu katika Morogoro.

Wiki mbili za kwanza za mgao alikuwa na furaha. Aliniambia bomba lake la jikoni halimsahau, kwamba mji mzima ukiwa mkavu lile linampa kidogo kidogo, asubuhi nusu ndoo, mchana robo. Hakulisema kwa wengine kwa hofu ya kuombwa. Alilitumia kwa chai, maana aliyaona masafi kuliko ya mkokoteni. Mimi kwa upande wangu niliona maji ya beseni yanashuka, nikadhani tundu la kumwagia linavuja, nikawa naongeza. Watu walianza kuacha vikombe nusu. Mmoja alisema maziwa yameharibika, mwingine akasema iliki ni ya zamani. Bi Mwantumu alibadilisha mwenye kumuuzia maziwa, akabadilisha iliki, akalisugua birika kwa majivu mpaka likang'aa.

Jumatano ya wiki ya tatu Mwalimu Tabitha alimaliza miguu, nikamwaga maji, akahamia benchi na kuletewa kikombe chake. Akanywa funda moja, akalirudisha kikombeni mbele ya watu.

"Mama Farzana," alisema, "chai hii ina sabuni."

Mama Farzana akaja, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Uso ukambadilika. Akamwita Bi Mwantumu.

"Umeweka nini humu?"

"Majani, tangawizi, iliki, maziwa na sukari. Kama siku zote."

"Onja."

Bi Mwantumu akaonja. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu, kisha akaimeza, kwa sababu asingeweza kutema mbele ya wateja. "Kweli ina kitu," alisema. "Lakini sikukitia mimi."

"Nani basi? Mimi?"

"Maji nimekinga bombani leo asubuhi."

"Bomba gani, Bi Mwantumu? Maji yamekatika tangu juzi."

"La jikoni linatoa kidogo kidogo."

Mama Farzana alipita pazia, tukamfuata kwa macho. Bomba lilikuwa wazi na kavu. Alilizungusha mara mbili, akarudi. "Eti linatoa," alisema. "Unaniambia uongo saluni kwangu, na hapa ulishasema mbele ya wote kwamba kiti hiki kitakupunguza. Sasa unawafukuza wateja wangu?"

"Nilishapunguzwa mara moja," Bi Mwantumu alisema. "Nijipunguze mwenyewe kwa sabuni?"

Nilikuwa nimesimama jukwaani, taulo mkononi, na nilijua. Sikujua kwa hatua, nilijua yote kwa mara moja. Kwetu Mgeta maji tuliyashusha mashambani kwa mianzi na mipira, na mtoto anajifunza kabla ya Baba Yetu kwamba maji hayana pa kwenda ila chini, na kwamba njia iliyo wazi juu na wazi chini ni njia moja. Tundu la kujazia lilikuwa ndani ya maji machafu. Njia iliachwa wazi na kidole changu. Bomba lake lilikuwa chini na wazi. Na lilikuwa kavu saa ile kwa sababu nilikuwa nimelimwaga beseni dakika tano kabla. Alichosema Bi Mwantumu kilikuwa kweli tupu, na hakuna mtu mwingine chumbani aliyeweza kukithibitisha isipokuwa mimi. Nikakunja taulo. Nikalikunja tena.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nawaza nini, na jibu la kweli halinipendezi. Niliogopa kumwaga unga, hilo ni la kawaida. Niliogopa kiti kitarudishwa na mimi nitarudi kwenye kabichi. Lakini palikuwa na wazo jingine, dogo na chafu, kwamba Idi ilikuwa karibu, na mfanyakazi mmoja anatosha, na swali la nani atabaki lilikuwa linajijibu lenyewe pale mbele yangu bila mimi kufanya lolote. Wazo hilo lilikaa kwangu kwa muda wa kukunja taulo mara mbili. Watu huwa wananiambia nilikuwa mdogo. Wenzangu wa umri ule walikuwa na watoto wawili.

Bi Mwantumu hakupiga kelele. Alichukua birika lake na kanga yake, akawaaga wateja mmoja mmoja, na wawili hawakumwitikia. Nyumbani alikuwa amefunga mizigo nilipofika. Alisema atakwenda Dumila kwa bintiye. Akanipa ufunguo, akanionyesha mkaa ulipo, akaniambia mlango wa nyuma nisiuache wazi kwa sababu ya paka. Hakuniuliza neno. Nilikuwa najiambia kwamba angeuliza ningesema. Leo sina hakika.

Siku nne nilikaa kimya. Jumamosi nilikuwa nyuma ya pazia nikisuuza vikombe, nikawasikia wanawake wawili kwenye benchi. Mmoja alisema haikuwa sabuni. Alisema ni dawa ya kufukuza wateja, na kwamba yule bibi aliitoa kwao, na kwamba hata kiwandani hakupunguzwa bure. Mwingine akasema, "Na nilikuwa nampa mwanangu anishikie." Sabuni ni kosa la kazini, watu hulisahau. Hili jingine, la uchawi, lingemfuata mpaka kaburini na kubaki kwa wajukuu. Roho ilinisuta.

Jumapili nilitoka misani nikaenda saluni na ufunguo. Maji yalikuwa yamekatika. Nikamimina ndoo mbili kwenye beseni, nikatia chumvi ya bluu ya miguu makopo mawili mazima, nikabonyeza kitufe cha kujaza, nikateremka jikoni na kufungua bomba. Likakohoa. Kisha likaanza kutoa, kidogo kidogo, kama alivyosema, maji ya bluu. Nikamfuata Mama Farzana nyumbani kwake, juu ya duka, nikamleta bado ana unga wa chapati mikononi. Aliangalia lile bomba. Aliangalia ndoo. Nikamweleza yote, pamoja na kwamba nilijua tangu Jumatano.

"Mimi chai hiyo ninakunywa saa nne na saa kumi," alisema. "Kila siku. Vikombe viwili vikubwa." Akatoka nje. Aliporudi alikuwa amenawa uso. Alinizaba kofi moja, la kwanza na la mwisho, kisha akakaa kwenye ngazi ya jukwaa na kuanza kupanga, maana ndivyo alivyokuwa. Kesho yake fundi bomba alikuja, akasema penye mita pana kizuizi kinachokataza maji yasirudi barabarani, kwa hiyo hayakuwa na njia ila jikoni. Akaondoa lile tundu la chini, akapandisha mdomo wa kujazia juu ya ukingo wa beseni, mahali ambapo maji ya miguu hayafiki hata yafurike. Viti viwili nilivyonavyo leo Kihonda vimekuja vimeshatengenezwa hivyo, na kila binti ninayemwajiri namwonyesha ule mdomo kabla sijamwonyesha msasa.

"Kamrudishe Bi Mwantumu," Mama Farzana aliniambia. "Kazi ni yake, Idi au si Idi. Ila haya hayatoki humu. Ukiwaambia wanawake wa mji huu wamekunywa maji ya miguu yao, nafunga mlango."

Dumila nilimkuta kando ya barabara kuu pamoja na Asia, wanapanga vitunguu kwa mafungu. Basi likisimama Asia anakimbilia madirishani, Bi Mwantumu anabaki na mafungu. Nilimwamkia, akaitika. Nikakaa juu ya gunia nikamweleza, la tundu, la bomba, la siku nne. Alisikiliza akimenya maganda ya juu ya kitunguu kimoja mpaka kikabaki kidogo.

"Kwa hiyo bomba lilikuwa linatoa," alisema.

"Lilikuwa linatoa, mama."

"Nilianza kudhani nimeota." Akakiweka kile kitunguu. "Na wateja wameambiwa?"

Nikamwambia masharti ya Mama Farzana. Nikamwambia kazi yake ipo, hata mshahara utaongezwa. Alitikisa kichwa taratibu.

"Mimi nirudi nikamwage maji humo, na waliokaa benchi wananiangalia mikono? Nikipika chai nani atainywa? Mwambie Mama Farzana ahsante. Nilipoitwa mwongo walisikia wote. Wasiposikia wote na hili jingine, kwangu ni bure."

"Nitafukuzwa, mama."

"Najua," alisema. Hakulisema kwa ukali. Alinipa fungu la vitunguu nirudi nalo, na basi lilipokuja aliwaita abiria wengine wanisogezee nafasi.

Jumamosi iliyofuata benchi lilijaa, na Mwalimu Tabitha alikuwepo kwa sababu ya harusi. Chai ilikuwa inapikwa na binti mpya, na walikuwa wanainywa. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima kutoka Kihonda, na yote yalinitoka. Nilipanda jukwaani, nikasimama kando ya kiti na kusema kwamba chai ya zile wiki tatu ilipikwa kwa maji ya miguu, kwamba yalipita kwenye bomba kwa kosa langu la kuacha njia wazi, kwamba Bi Mwantumu alisema kweli na mimi nilijua siku ileile nikanyamaza. Nikaongeza kwamba maji yalikuwa yamechemka, jambo lililokuwa kweli lakini halikumsaidia mtu. Mmoja aliweka kikombe sakafuni polepole sana. Mwalimu Tabitha aliuliza, "Miguu ya nani?" Nikamwambia ya wote, kwa zamu. Akafikiri. "Yangu pia?" Nikasema yake pia. Akaanza kucheka, kicheko kibaya, kisha akasimama na kwenda nje na leso mdomoni.

Mama Farzana hakunigombeza. Alinyoosha mkono nikampa ufunguo. Nilipofika mlangoni nilimsikia mmoja wa wale wanawake wawili akisema, "Sasa yule mama wa watu tulimsemaje?" Nilitembea hadi Kihonda kwa miguu. Nililia, ila ningekuwa mwongo nikisema nilijuta.

Ijumaa iliyofuata, kabla ya adhuhuri, habari ikiwa imeshamfikia, Bi Mwantumu alitokea mlangoni kwetu na basi la asubuhi kutoka Dumila. Alikuwa amevaa gauni la Idi ambalo Idi yake ilikuwa bado. Aliangalia jiko, akaangalia mlango wa nyuma, akasema, "Vaa vizuri unisindikize mjini." Sikuuliza tunakwenda kufanya nini. Tulishuka mwanzo wa mtaa wa saluni, naye akaanza kutembea katikati ya barabara, taratibu, kama mtu asiyekwenda popote.

Habari ilikuwa imeshafika kila duka. Muuza mikate alitoka nje, akasema shikamoo, akaanza kueleza kwamba yeye hakuamini tangu mwanzo. Bi Mwantumu akaitika, akamuuliza habari za watoto, akapita. Fundi cherehani aliacha mashine. Muuza dawa alitoka na miwani usoni. Wengine walitaka kusema mengi, na kila mara aliwakatisha kwa kuwauliza habari za nyumbani, akasubiri jibu hadi mwisho, akaendelea na safari. Mume wa Mama Farzana alimletea kiti nje ya duka la vitambaa, akakataa kukaa.

Mama Farzana alikuwa mlangoni mwa saluni. Benchi nyuma yake lilikuwa na watu wawili tu, na kiti kimekaa juu ya jukwaa lake na taa imezimwa. Bi Mwantumu alimfanyia kazi miaka sita, na katika mwaka wangu wote pale sikuwahi kumsikia Mama Farzana akimwamkia, kwa kuwa mwajiri hamwamkii mtumishi, hata kama amemzidi miaka kumi na tano. Nilimwona anashika fremu ya mlango.

"Shikamoo, Bi Mwantumu," alisema, kwa sauti ambayo muuza mikate aliisikia.

Bi Mwantumu alijitengeneza ushungi upande mmoja, kisha upande wa pili. Mimi nilikuwa natazama chini.

"Marahaba," alisema. "Hujambo, Mama Farzana?"

"Sijambo. Karibu ndani. Kazi ipo, ni yako."

"Ahsante, mwanangu. Leo nimekuja kusalimiana tu."

Akaendelea na safari. Yalikuwa yamebaki maduka matano hadi mwisho wa mtaa, na aliyapita yote.